Mpiga Besi wa Bendi ya Kiyoyozi

Vijana wangu, mkinikuta barazani hapa Tanga mnaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha mnapita zenu. Hamniulizi nilifanya nini Uarabuni kwa sababu mnajua: Mzee Hamisi alikuwa dereva wa nyumbani Doha, akajenga, akarudi. Ni kweli. Lakini juzi mmoja wenu aliingia ndani kuomba maji, akaliona gitaa limetundikwa ukutani, akaniuliza kama ni pambo.

Si pambo. Kwa zaidi ya miaka kumi nilipiga besi Doha katika bendi ya posti-panki. Naona mmeanza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza niliposikia neno hilo.

Aliyeniambia alikuwa Akinyi, binti wa Kisumu aliyefanya kazi mapokezi ya hoteli moja kubwa. Tajiri wangu, Abu Nasser wa mtaa wa Muaither, alikuwa amealikwa harusini pale hotelini na familia yake, na mimi nikawa nawasubiri kwenye ukumbi wa chini. Dereva anayesubiri huwa hana kazi ya kufanya, basi vidole vyangu vikaanza kucheza juu ya kaunta ya mapokezi, besi ya wimbo wa dansi tuliokuwa tukipiga Tanga nilipokuwa kijana. Sikujua hata kama ninafanya hivyo.

"Mzee, hiyo unapiga ni besi ama ni mimi nimechoka?" Akinyi akaniuliza.

"Ni besi, binti. Zamani nilikuwa mpigaji."

"Wacha! Sisi tuna bendi, na hatuna mtu wa besi. Tunapiga posti-panki."

"Panki? Si ile staili ya nywele, zinasimamishwa katikati kama kishungi cha jogoo?"

"Zii, mzee. Ni ngoma. Panki ni ile ya kelele, ya vijana wakiwa na hasira. Posti-panki ndio ikakuja baadaye."

"Yaani baada ya kunyolewa."

Alicheka mpaka msimamizi wake akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama kufanya kazi bila mshahara ni kuajiriwa.

Mazoezi yalikuwa Ijumaa baada ya swala, kule Najma, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya zamani. Chini palikuwa na duka la fundi cherehani ambalo Ijumaa lilifungwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kutugongea dari. Chumba kilikuwa cha Dinesh, fundi umeme wa Sri Lanka, mpiga gitaa letu, mtu mwembamba asiyetabasamu mpaka amalize kula. Kwenye drams alikuwa Rodel, Mfilipino aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Ukikaa naye karibu ulisikia harufu ya hamira, hata akitoka kuoga. Aliniita "Kuya", ambalo kwao ni kaka mkubwa, na hakuniita jina lingine mpaka mwisho.

Dirishani palikuwa na kiyoyozi kikuukuu chenye mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Kukizima huwezi, utapikika. Kukiacha, kinaimba na wewe, tena kinaimba sauti yake isiyolingana na yako. Tulihangaika nacho weee, mwishowe Dinesh akasema kwa kuwa kiyoyozi hakibadiliki, tubadilike sisi. Tukalegeza nyuzi zote kidogo mpaka zikakubaliana na mngurumo ule. Nyimbo zetu zote zikawa chini kidogo kuliko za watu wengine, na bendi ikapata jina: Kiyoyozi.

Sasa niwaeleze huo muziki wenyewe, maana najua mnadhani ni makelele. Katika dansi tuliyokulia, gitaa la solo ndilo bwana harusi, na besi ni mpambe aliyeshika mwavuli. Kwenye posti-panki mambo yamegeuzwa. Gitaa linakwaruza pembeni, drams zinakwenda moja kwa moja bila madoido, mwimbaji anasema zaidi ya kuimba, na besi ndiyo inayobeba wimbo mbele. Mtu akienda nyumbani anakumbuka besi.

Nilipoambiwa hivyo nilifurahi kupita kiasi. Siku ya kwanza nikamwaga kila nilichokijua, mizunguko, mapambo, vikorombwezo vyote vya ukumbini Tanga. Dinesh akaacha kupiga.

"Ndugu," akasema kwa Kiingereza chake, Akinyi akinitafsiria, "umepakua chakula kingi sana. Tupunguzie."

Rodel ndiye aliyenifundisha. Hakunifundisha kwa maneno, kwani lugha yetu ilikuwa mchanganyiko wa Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha dukani. Neno "shwei-shwei", kidogo kidogo, lilitutosha kwa kila jambo: punguza mwendo, punguza sauti, punguza hasira. Siku hiyo alinisogeza kwa bega mpaka nikawa upande wake, akanionyesha mguu wake wa kulia uliokuwa ukikanyaga dram kubwa. "Kuya, usiangalie uso wangu. Angalia huu."

Shikeni hilo kabla ya yote, ninyi mnaotaka besi. Uso wa mpiga drams utakudanganya. Atacheka, atafumba macho, atatikisa kichwa. Mguu haudanganyi. Mguu ukishuka, na kidole chako kishuke. Nilifanya hivyo kwa miezi, nikitupa noti moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki zile ambazo ukiitoa moja wimbo unaanguka.

Kuna mambo mengine ambayo hamtayapata kwenye simu zenu. Doha nje ni tanuri, ndani ni jokofu. Gitaa likitolewa kwenye gari na kufunguliwa papo hapo chumbani, mbao zinashtuka na shingo inapinda. Liache ndani ya mfuko wake mpaka lipoe taratibu, wewe kunywa chai. Nyuzi nazo zinakula vumbi na jasho, zinakuwa bubu. Nyuzi za besi ni ghali, basi nilikuwa nikizivua, nazichemsha kwenye maji yenye siki kidogo, nazikausha vizuri, zinarudi kuimba kama mpya. Siku moja niliziacha jikoni kwa Abu Nasser zikichemka, nikaitwa kupeleka watoto shule. Niliporudi nikamkuta mpishi, mama mmoja wa Kihindi, ameinua mfuniko na ameshika chumvi mkononi.

"Hamisi," akasema, "hizi tambi zako mbona haziivi?"

Tulikuwa na wimbo uitwao "Lifti", ameutunga Akinyi. Unahusu mtu anayewabonyezea wageni lifti siku nzima na mwenyewe hajawahi kufika juu. Katikati ya wimbo huo besi inanyamaza ghafla, halafu inarudi. Watu walilisifia sana pengo lile. Ukweli ni kwamba kipande cha plastiki nilichokuwa nikidonolea nyuzi kilinidondoka siku tukiufanyia mazoezi, nikainama kukitafuta chini ya kiti, na nilipoinuka Akinyi alikuwa akipiga makofi. "Mzee, hapo hapo! Usiguse tena!" Nikakaa kimya kama mtu aliyefikiria sana.

Basi tulipiga hivyo miaka, kwenye mikusanyiko ya Wakenya, kwenye sherehe za Wafilipino, mara moja kwenye shamba moja Umm Salal ambapo wasikilizaji wetu wakubwa walikuwa mbuzi. Halafu shule moja ya kimataifa ikatualika kwenye siku yao ya utamaduni. Uwanja mkubwa, jukwaa la kweli, vyombo vya kweli. Tulijiandaa kwa shoo hiyo kuliko yoyote.

Wiki chache kabla, ukavuma upepo wa vumbi, ule wanaouita shamali. Nilikuwa nateremsha mizigo ya sokoni mbele ya nyumba, mkono wa kushoto nimeushikiza kwenye fremu ya gari. Upepo ukaupiga mlango. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia sauti tu. Kilichobanwa kilikuwa kidole cha pete.

Abu Nasser mwenyewe ndiye aliyeendesha gari kunipeleka hospitali, kanzu yake imejaa damu yangu, akirudia pole ya Kiarabu, "Salamat, Hamisi, salamat." Daktari alikishona vizuri. Akaniambia kidole kitabaki, lakini kiungo cha mwisho hakitakunjika tena. Nikamuuliza kama nitaweza kuendesha gari. Akasema nitaendesha. La besi sikumuuliza. Nililijua jibu.

Akinyi alikuja Muaither siku yake ya mapumziko na mfuko wa maembe. Tulikaa kwenye chumba changu cha dereva karibu na geti.

"Mzee, tunawaambia hatutaki. Shoo ziko nyingi."

"Ziko wapi?"

Akaanza kumenya embe.

"Tafuteni mtu," nikamwambia. "Msiache nafasi hiyo kwa ajili ya kidole cha mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nitamfundisha."

Nilisema kishujaa. Alipoondoka nilijifunika shuka gubigubi, mchana kweupe.

Aliyepatikana alikuwa Isaac, Mganda, mlinzi kwenye jengo la maofisi, ambaye alipiga besi kanisani. Mrefu, mpole, vidole virefu kama vya mtu wa kupanda minazi. Tulikutana kwenye mgahawa mdogo wa chai ya karaki, ile ya maziwa mazito, pale Najma. Mkono wangu ulikuwa na bandeji, siwezi kumwonyesha kitu kwenye gitaa. Ikabidi nimwimbie besi zote kwa mdomo. Jaribuni kuimba besi kwa mdomo, mtu mzima, hadharani. "Dum, du-du dum, halafu dum." Mwenye mgahawa alituletea chai ya pili bila kuagizwa, nadhani alinionea huruma.

Isaac alikuwa anashika upesi mno. Besi iliyonichukua miezi kuitengeneza, yeye aliinywa pamoja na ile chai. Tulipofika kwenye "Lifti" akaniuliza, "Mzee, hapa mbona unanyamaza?"

Nikamwambia, "Hapo mwimbaji anavuta pumzi." Baadaye roho ikanisuta, nikamweleza habari ya kipande cha plastiki. Akacheka taratibu, akasema, "Basi hiyo pumzi nitaichunga."

Siku ya shoo nilikwenda. Nilikaa kwenye nyasi katikati ya familia za watu, jua linaelekea kuzama, watoto wanakimbizana na vijibendera. Kiyoyozi wakapanda jukwaani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia bendi yangu.

Vijana, ukiwa jukwaani husikii bendi. Unajisikia wewe mwenyewe na dram iliyo karibu. Pale kwenye nyasi ndipo nilipojua tulikuwa tukifanya nini. Nilimwona mama mmoja wa Kiarabu akitikisa kiti cha mtoto kwa mguu, na mguu ule ulifuata besi, si gitaa. Nilimsikia Akinyi akisema maneno yake na nikagundua kwamba alikuwa ameyaegemeza kwenye besi, kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta. Isaac hakukosea noti hata moja. Alizipiga safi kuliko mimi. Niliona wivu, nisiwafiche, lakini pia furaha, na vyote viwili vilikaa kifuani pamoja, havikutaka kuachiana nafasi.

Kisha wakafika "Lifti". Besi ikanyamaza pale pale. Akinyi akavuta pumzi na kugeuka upande wake wa kushoto, kama alivyokuwa akigeuka Ijumaa zote, kunitazama mimi. Akamkuta Isaac. Uso wake ukaduwaa, na maneno yakampotea. Besi ikarudi peke yake, gitaa likarudi, mwimbaji kimya. Nilisimama bila kujua. Rodel akazungusha tena kile kipande cha wimbo, mguu wake ukashuka kwa nguvu mara mbili kama mtu anayegonga mlango, na Akinyi akaupata mstari wake. Watu hawakujua. Walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Walipoteremka nikamfuata nyuma ya jukwaa.

"Nilikutafuta, mzee," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa mbele yako kabisa."

"Si mahali pako hapo."

Nikamwambia ameimba vizuri, nikarudi kwenye gari.

Bandeji ilipotoka, kidole kilikuwa kimenyooka kama msumari. Nilijaribu besi ya "Lifti", ile inayopanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, kidole kikawa kinaburuta nyuzi za jirani. Nikaliweka gitaa chini ya kitanda. Akinyi akipiga simu, nasema niko barabarani. Dinesh akipiga, nasema niko barabarani. Kwa maneno yangu mwenyewe, kipindi hicho sikuwahi kushuka kwenye gari.

Ijumaa moja asubuhi geti likagongwa. Nilikwenda kufungua nikidhani ni mletaji wa gesi. Alikuwa Isaac, amevaa shati la kanisani.

"Mzee, mimi natoka ibadani. Ibada zetu huku ni Ijumaa, na mchungaji anauliza kwa nini kila siku nakimbia kabla ya mwisho. Siwezi kuwa pande mbili. Rudi kwa bendi yako."

Nikamwonyesha kidole. Akakishika, akakigeuza kama fundi anayekagua kifaa.

"Hii imekataa kukunja," akasema. "Lakini hizi tatu zingine zimekataa nini?"

Akalivuta gitaa kutoka chini ya kitanda. Akakunja kidole chake cha pete ndani ya kiganja, akaanza kupiga "Lifti" kwa vilivyobaki. Kule juu hakufika. Akaiteremsha chini, na pale ambapo vidole havikutosha, akauacha uzi mtupu ulie wenyewe bila kushikwa. Haikuwa besi yangu tena. Ilikuwa nzito zaidi, na ina nafasi nyingi ndani yake. Nikamwambia, "Lete hapa." Tulishinda pale mpaka adhana ya swala ya Ijumaa, nikaenda msikitini, yeye akalala kitandani kwangu na viatu vyake.

Mazoezini mambo hayakuwa rahisi. Dinesh alikunja uso. "Ile melodi ya juu iko wapi? Wimbo umebaki bila kichwa."

"Kichwa kiko kwako," Akinyi akamjibu. "Si una gitaa? Ipige wewe."

"Mimi napiga kukwaruza."

"Basi leo acha kukwaruza."

Alinuna, akaipiga kwa kutuonyesha kwamba haiwezekani. Ikawezekana. Rodel naye akapunguza mapigo ili uzi wangu mtupu upate muda wa kulia. Tulipomaliza, kiyoyozi kikawa kinanguruma peke yake. Akinyi alikuwa amegeukia kushoto tangu mwanzo wa wimbo, na hakuwa amegeuza uso. Baada ya muda Dinesh akaanza kuwaambia watu kwamba kuhamisha melodi lilikuwa wazo lake. Tulimwachia. Mtu akiamua kupenda kitu, usimuulize asali ameitoa mzinga gani.

Nyimbo tulizotunga baada ya hapo ndizo ninazozipenda kuliko zote, na zote ni za vidole vitatu. Wapigaji vijana walikuwa wakija kuniuliza kwa nini nauacha uzi mtupu hivyo, kama ni staili ya Tanga. Nilikuwa nawaambia ni staili ya mlango wa gari.

Lakini Doha si mji wa kukaa, ni mji wa mkataba. Bendi zote kule zinavunjika kwa namna moja: hakuna ugomvi, kuna tiketi ya ndege. Alianza Akinyi. Mama yake aliugua na yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, hakukuwa na mjadala. Sasa yuko Kisumu, anafundisha kwaya, na ananipigia simu kunilalamikia wapiga besi wake. Dinesh akafuata, mkewe alikuwa amechoka kumwona kwenye simu. Alituachia chumba na kiyoyozi chake.

Tukabaki wawili, mimi na Rodel. Mngetarajia tuache. Hatukuacha. Tulikwenda Najma kila Ijumaa, besi na drams tu, watu wawili wenye mvi tunapiga nyimbo zisizo na mwimbaji wala gitaa. Fundi cherehani, siku aliyopita kuchukua kitambaa alichokisahau, alipanda ngazi kuchungulia, akatutazama, akashuka taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Kisha mkataba wa Rodel nao ukaisha. Ijumaa yake ya mwisho tulipiga kila wimbo tuliokuwa nao, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka. Pale Akinyi alipokuwa akisema, tuliacha muda wake upite. Pale Dinesh alipokuwa akikwaruza, tuliacha nafasi yake. Sikuangalia uso wa Rodel hata mara moja.

Tulipomaliza, Isaac akaja na pikapu kuchukua drams, Rodel alikuwa amezitoa zawadi kwa kanisa lao. Tukazishusha ngazi moja moja. Chumba kikawa kikubwa ghafla. Rodel akakaa kizingitini, akavaa viatu, akafunga kamba bila haraka. Ndege yake ilikuwa kesho yake asubuhi, na tiketi niliiona imechomoza mfukoni mwa shati.

Akasimama, akajipangusa suruali, akaniuliza kama alivyoniuliza miaka yote hiyo kila tulipoagana:

"Ijumaa, Kuya?"

"Ijumaa, Rodel," nikamwambia. "Usichelewe."